Kitufe cha Kuachia: Hatari za Helikopta Inayobeba Mzigo kwa Kamba

Tarehe 5 Septemba 2005, helikopta ilikuwa ikipandisha zege kwenye mlima wa barafu ulio juu ya mji mdogo wa Sölden, magharibi mwa Austria. Zege lilikuwa ndani ya ndoo kubwa ya chuma, jumla yapata kilo 750, likining'inia kwa kamba chini ya tumbo la helikopta. Njia yake ilipita juu ya waya za vibanda vinavyopandisha watalii mlimani, na siku hiyo vibanda vilikuwa vikifanya kazi kama kawaida. Ndoo ikaachana na helikopta. Kibanda kimoja kiliporomoka hadi chini, na waya ulitikisika kwa nguvu kiasi kwamba waliokuwa kwenye vibanda vingine walirushwa nje. Watu tisa walikufa, wote Wajerumani, sita kati yao watoto. Helikopta yenyewe haikuanguka.

Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza hudhani kamba ilikatika. Lakini mjadala baada ya ajali haukuwa juu ya kamba. Ulikuwa juu ya ndoano: ilifungukaje? Maana ndoano ya helikopta hutengenezwa makusudi ili iweze kufunguka angani. Kwenye usukani wa rubani, pale kidole gumba kinapofika, kuna kitufe. Akikibonyeza, ndoano inaachia na mzigo unakwenda zake. Umeme ukigoma, kuna njia ya pili ya kufungua bila umeme. Winchi ya bandarini, iwe Mombasa au Dar es Salaam, haina kitufe cha kutupa kontena. Helikopta inacho, na bila hicho haiwezi kupewa kibali cha kuinua mzigo unaoning'inia huru. Karibu kila hatari ya kazi hii, ukiifuatilia, inakufikisha kwenye maswali mawili: nini kitamlazimisha rubani kuachia, na nani atakuwa chini wakati huo.

Kitufe kipo kwa sababu helikopta haina pa kuegemea. Winchi imesimama ardhini, mzigo ukibembea ardhi ndiyo inayobeba misukosuko. Helikopta imesimama juu ya hewa inayoisukuma yenyewe kwenda chini, kwa hiyo kila mzigo unapovuta upande mmoja, nayo inavutwa.

Mbembeo ndio unaowasumbua zaidi marubani wanaoanza. Muda wa mzigo kwenda na kurudi hautegemei uzito wake, unategemea urefu wa kamba: kamba ya mita 10 huchukua kama sekunde 6, ya mita 30 sekunde 11, ya mita 50 sekunde 14 hivi. Rubani anaona mzigo umekwenda kushoto, anaisogeza helikopta kushoto ili awe juu yake. Helikopta nayo haiitikii papo hapo. Inapofika kushoto, mzigo umeshaanza kurudi kulia. Anaufuata tena, na kila anapoufuata kwa kuchelewa anauongezea nguvu badala ya kuutuliza. Mibembeo michache ya namna hiyo yatosha kuifanya helikopta nzima iyumbe pamoja na mzigo wake. Dawa yake ni subira: kugusa usukani kidogo, kwa wakati, na kuacha mbembeo ujifie wenyewe. Ni rahisi kuandika hapa kuliko kufanya ukiwa umetoa kichwa nje ya dirisha, unatazama chini mita 50, huku mapanga yakizunguka juu yako. Na ndivyo wanavyofanya kweli. Mtindo huo wa kuruka kwa kutazama mzigo moja kwa moja uliendelezwa na Wamarekani, hasa Wes Lematta aliyeanzisha kampuni ya Columbia Helicopters mwaka 1957 huko Oregon. Kabla yake ilizoeleka rubani kuongozwa kwa redio na mtu aliyeko chini au na mwenzake ndani ya helikopta.

Uzito wa mzigo una mambo yake, tena si yale tunayotarajia. Mfuko wa saruji au bonge la chuma huning'inia kwa utulivu, kwa kuwa ni mzito na ni mdogo, upepo hauna pa kuukamata. Tangi tupu la maji la plastiki, bunda la mabati au mlango ni hatari zaidi ingawa mwanamume mmoja anaweza kuubeba mlango begani. Mwendo ukiongezeka, upepo unaanza kuurusha vile utakavyo: unazunguka, unakwenda nyuma, unapanda. Nyuma ndiko liliko panga la mkia, na panga hilo likipotea helikopta nzima huanza kuzunguka yenyewe. Kwa hiyo mzigo mwepesi husafirishwa polepole kuliko mzito, hata kama injini ina nguvu za kukimbia mara tatu ya hapo.

Hatari hii haiishi mzigo ukishashushwa. Rubani ameshamaliza kazi, anarudi kambini na kamba tupu inaning'inia. Amechoka, ana haraka ya kuchukua mzigo unaofuata, anaongeza mwendo. Kamba isiyo na uzito mwishoni inaelea nyuma yake, inapanda, na ikifika kwenye panga la mkia safari imekwisha. Wenye kazi yao huweka ndoano nzito mwishoni mwa kamba ili isielee, na huweka kikomo cha mwendo kwa safari ya kurudi mtupu. Ajali za aina hii zimeua marubani waliokuwa na uzoefu wa miaka mingi, na nadhani zinaua kwa sababu hiyo hiyo: mtu hujihami wakati amebeba, si wakati ameshatua.

Kuna pia kunasa. Helikopta ndogo nyingi hutua juu ya vyuma viwili virefu badala ya magurudumu. Ikiwa kamba imelala ardhini na imepita juu ya chuma kimoja badala ya kutoka moja kwa moja tumboni, rubani akinyanyuka uzito hautavuta katikati, utavuta upande. Helikopta inaanza kuinama, na ikishapita pembe fulani hakuna usukani utakaoirudisha. Inajibiringisha kuzunguka ule mguu na mapanga yanapiga ardhi. Yote hutokea ndani ya sekunde mbili tatu. Kitufe hapa husaidia tu kama rubani ametambua mapema, na mara nyingi anatambua akiwa tayari ubavuni. Ndiyo maana mtu wa chini huangalia kamba kabla ya kutoa ishara ya kunyanyua.

Na kuna hali ambayo kitufe kipo lakini hakibonyezeki. Mwaka 1975, mnara wa CN Tower mjini Toronto ulipokuwa ukikamilishwa, helikopta kubwa aina ya Sikorsky Skycrane iliyopewa jina la Olga ililetwa kupandisha vipande vya antena. Kabla ya hapo ilibidi ishushe winchi ya ujenzi iliyokuwa kileleni. Wakati wa kuinua kipande kimojawapo, winchi ilijipinda na boliti zikakwama. Helikopta ikawa imefungwa kwenye mnara. Kuvuta zaidi haikuwezekana, na kuachia tani za chuma kilichopinda juu ya jiji lilikuwa jambo jingine kabisa. Mafundi wa chuma walikata boliti kwa moto huku helikopta ikisimama hewani na mafuta yakipungua. Ilitua ikiwa imebakiwa na mafuta ya dakika chache. Baada ya hapo Olga ilirudi kazini na kumaliza antena nzima, na mnara ukafikia mita 553.

Sasa injini. Rubani wa helikopta ya injini moja anafundishwa kwamba injini ikizima, mapanga huendelea kuzungushwa na upepo wa kushuka, na nguvu hiyo iliyohifadhiwa ndiyo itakayompa mtuo wa taratibu. Mbinu hiyo inahitaji mwendo wa mbele au kimo kikubwa. Aliyesimama hewani mita 40 juu ya ardhi bila mwendo hana lolote kati ya hayo mawili. Kamba ndefu humweka rubani hapo hapo, siku nzima, mara kwa mara. Injini ikizima atabonyeza kitufe kwanza, kisha ataangukia popote helikopta itakapomwelekeza. Kikosi chenye nidhamu huelewana asubuhi kabla ya kuwasha injini: likitokea hilo helikopta itaelekea upande huu, ninyi kimbilieni ule. Wasipoelewana, wote wataelekea penye uwazi, na uwazi mara nyingi ni mmoja.

Kusimama hewani juu kunadai nguvu zaidi pia. Karibu na ardhi, hewa inayosukumwa chini hugonga ardhi na kuwa kama godoro. Ukipanda hadi urefu wa kamba, godoro hilo halipo. Ongeza mwinuko na joto. Kwenye uwanda wa Shira, mlimani Kilimanjaro, mita kama 3,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ina takriban theluthi mbili tu ya uzito wa hewa ya Tanga. Mapanga yanashika kidogo, injini inavuta kidogo. Mzigo uliokuwa mwepesi pwani unaweza kuwa hauinuliki huko, au ukainuka asubuhi kwenye baridi na ukakataa saa saba mchana.

Hesabu hizo hufanywa kwenye karatasi kabla ya safari, na karatasi nayo inaweza kudanganya. Tarehe 5 Agosti 2008, helikopta aina ya S-61N iliyokuwa ikihudumia wazima moto kaskazini mwa California ilianguka mara baada ya kuruka, ikaua watu tisa. Safari ile ilikuwa ya kuwabeba wazima moto ndani ya helikopta, haikuwa na kitu kwenye ndoano. Naileta hapa kwa sababu ya kilichogunduliwa na wachunguzi: uzito wa helikopta ulioandikwa kwenye nyaraka za zabuni ulikuwa mdogo kuliko wa kweli, na majedwali ya nguvu za injini yalikuwa yamebadilishwa. Rubani alipiga hesabu sawasawa kwa namba za uongo. Kesi ya jinai ilifuata, na mtu akafungwa. Katika kazi za mizigo ya kamba, ambako kila kilo inayobebwa ni pesa, kishawishi hicho hakiko mbali.

Uchovu wa chuma ulifundishwa kwa gharama huko Alaska. Kati ya Januari 1992 na Juni 1993, kusini mashariki mwa jimbo hilo, helikopta sita zilizokuwa zikivuta magogo kutoka misituni zilianguka, na watu tisa walikufa. Kuvuta magogo ni kuinua, kubeba, kutupa, kurudi, kila dakika chache, kutwa. Vipuri vya helikopta huhesabiwa umri kwa saa za kuruka, na saa moja ya kubeba abiria si sawa na saa moja ya kunyanyua magogo mara ishirini au zaidi, injini ikipandishwa hadi mwisho na kushushwa kila mara. Wachunguzi walikuta matengenezo mabovu, mizigo iliyozidi, marubani waliochoshwa. Katikati ya 1993 wenye kampuni, serikali na wataalamu wa afya kazini walikutana, wakakubaliana juu ya saa za kazi, mafunzo na ukaguzi wa mara kwa mara. Ajali zikapungua. Haikuhitaji teknolojia mpya, ilihitaji kukubali kwamba kazi hii si urukaji wa kawaida.

Tushuke chini, kwa watu wasiotajwa sana.

Mfungaji mzigo husimama chini kabisa ya helikopta, mikono juu, akisubiri ndoano. Mapanga yanayokata vumbi kavu au theluji huikusanyia helikopta umeme tuli, na kwa helikopta kubwa kiasi hicho hufika makumi ya maelfu ya volti. Anayeishika ndoano kwa mkono mtupu anakuwa yeye ndiye waya wa kwenda ardhini. Mara nyingi pigo lenyewe halimuui, ila linamwangusha, na aliye juu ya paa au kwenye mwamba hana nafasi ya kuanguka. Wanajeshi hutumia fimbo maalumu iliyounganishwa na ardhi kuigusa ndoano kwanza. Wengine huiacha ndoano iguse ardhi kabla hawajaishika.

Upepo wenyewe hauhitaji mzigo ili uue. Machi 2022, katika hospitali moja ya Plymouth, Uingereza, helikopta ya uokoaji ilipokuwa ikitua, upepo wake ulimwangusha mwanamke wa miaka 87 aliyekuwa akipita kwenye maegesho ya magari, naye akafariki. Helikopta iliyobeba mzigo husukuma hewa zaidi kuliko ile tupu, kwa kuwa ni lazima ibebe uzito wake na wa mzigo. Mabati yaliyolegea, maturubai na vumbi vyote huruka, na vitu vyepesi vinaweza kufyonzwa hadi kwenye mapanga.

Ufungaji nao una hesabu ambayo makuli wa bandarini wanaijua kwa uzoefu. Mzigo wa tani moja ukining'inizwa kwa mikanda miwili iliyosimama wima, kila mkanda unabeba nusu tani. Ukiilaza mikanda hadi ibaki nyuzi 30 tu kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unabeba tani nzima. Mzigo haujaongezeka hata gramu. Helikopta ikikata kona kwa kuinama nyuzi 60, uzito unaohisiwa na mikanda, ndoano na mapanga unakuwa maradufu. Mkanda uliopita ukaguzi wa ardhini unaweza basi kudaiwa mara nne ya kilichotarajiwa na aliyeufunga.

Sheria za nchi mbalimbali zinaonyesha jinsi kitufe kilivyo kiini cha mambo yote haya. Marekani huigawa mizigo ya nje katika makundi manne. Kundi A ni mzigo uliofungwa imara kwenye mwili wa helikopta, usiotupika. B unatupika na unaning'inia huru. C unatupika lakini unaendelea kugusa ardhi au maji, kama vile kuvuta waya za umeme kutoka nguzo hadi nguzo. D ni kwa ajili ya watu, na kwake hudaiwa helikopta inayoweza kuendelea kusimama hewani hata injini moja ikizima. Ulaya hupanga zaidi kwa urefu wa kamba na ugumu wa kazi, mpaka wa kwanza ukiwa mita 20. Anayetaka kupita na mzigo juu ya makazi Marekani lazima awe na mpango uliokubaliwa na mamlaka: njia gani, saa gani, nani atafunga barabara. Mwaka 1993 ilipobidi kushusha kwa helikopta sanamu ya tani karibu saba kutoka kwenye kuba la bunge mjini Washington na kuirudisha baada ya ukarabati, kazi ilipangwa kwa msingi huo.

Kwa mtazamo wangu hilo ndilo lililokosekana Sölden. Mtu anaweza kubishana mpaka kesho kama kosa ni la kidole au la ndoano. Kama vibanda vingesimamishwa kwa muda ule helikopta inapita, au njia ingezungushwa mita mia kadhaa pembeni, ndoo ile ingeangukia mawe.

Mzigo ukiwa mtu, kila kitu kinageuka. Waokoaji wa milima ya Alps huning'iniza mwenzao kwa kamba ili amfikie majeruhi kwenye mwamba, na hapo kitufe kilichowekwa kumnusuru rubani kinakuwa tishio. Ndoano za kazi hiyo hutengenezwa ili zisifunguke kwa tendo moja: lazima mambo mawili tofauti yafanyike, kidole kikiteleza pasitokee kitu. Rubani naye amekubali, kabla ya kuruka, kwamba zipo dharura ambazo hatajinusuru kwa kuachia.

Vifaru weusi wa kusini mwa Afrika nao wamesafiri kwa njia hii, wakiwa wamelazwa kwa dawa na kufungwa miguu yote minne, vichwa chini. Ukiona picha utadhani ni ukatili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapima vifaru 12 huko Namibia wakilinganisha kuning'inizwa kwa miguu na kulazwa ubavu, wakakuta kupumua kwa aliyening'inizwa si kubaya zaidi, pengine ni afadhali kidogo. Mwaka 2021 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Kwa rubani, kifaru ana sifa nzuri: ni mzito, hana mabawa, na akiwa amelala hapigi teke.

Wengine wameona suluhisho ni kumtoa rubani. Kati ya mwisho wa 2011 na 2014, wanamaji wa Marekani walitumia Afghanistan helikopta mbili za K-MAX zisizo na mtu ndani, mashine iliyosanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya ndoano, zikasafirisha zaidi ya tani 2,000 za shehena kwenda kambi za mbali. Juni 2013 mmoja wa mitambo hiyo ulikutana na upepo wa nyuma wakati ukishusha mwendo, mzigo ukaanza kubembea, na helikopta ikaanguka. Waliokuwa wakiisimamia kwa mbali hawakuwahi kuingilia. Hapakuwa na mtu ndani wala chini yake, na hakuna aliyeumia.